Ufadhili wa Utafiti wa Uchafuzi wa Naitrojeni katika Maziwa ya Milima ya Colorado, 1980–2012

Makala haya yanachunguza namna utafiti wa uchafuzi wa naitrojeni katika maziwa ya Hifadhi ya Taifa ya Rocky Mountain, jimbo la Colorado nchini Marekani, ulivyopata fedha katika kipindi cha zaidi ya miaka thelathini. Hoja inayojengwa ni kwamba naitrojeni haikuwa sababu ya fedha hizo kutolewa. Zilitolewa kwa ajili ya hofu nyingine, yaani salfa na mvua ya asidi, na tatizo la naitrojeni likabainika kwa kuwa watu wachache waliendelea kupima maji yaleyale baada ya hofu ya awali kupoa. Historia ya aina hii kwa kawaida husimuliwa kama historia ya ugunduzi. Hapa inasimuliwa kwa kufuata mifuko iliyolipia vipimo.

Inafaa kwanza kueleza kwa nini maziwa ya juu milimani hudhurika upesi. Maziwa hayo hukaa juu ya mwamba wa matale, udongo wake ni haba, na msimu wa mimea kukua ni wa miezi michache. Katika bonde la mashamba, naitrojeni inayoletwa na mvua hunyonywa na mazao na kusahaulika. Mlimani hakuna mimea ya kutosha kuinyonya, kwa hiyo huteremka ziwani ikiwa nitrati. Huko hufanya kazi ileile ambayo mbolea hufanya shambani: hukuza mwani, na hasa hupendelea aina fulani za mwani na kuzifukuza nyingine. Maji yanaweza kubaki safi machoni kwa miongo mingi huku jamii ya viumbe vyake ikiwa imekwisha kubadilika. Mabadiliko yasiyoonekana kwa macho ni magumu kuombea fedha, na jambo hili linaeleza mengi ya yanayofuata.

Fedha zenyewe zilianzia mbali na Colorado. Mwaka 1967 mwanasayansi wa Sweden, Svante Odén, aliandika katika gazeti la Dagens Nyheter kwamba asidi iliyokuwa ikiharibu maji ya Skandinavia ilitoka katika viwanda vya nchi nyingine. Katika msitu wa Hubbard Brook, jimbo la New Hampshire, Gene Likens na wenzake walikuwa wakipima mvua tangu 1963, na mwaka 1974 yeye na F. Herbert Bormann walitangaza katika jarida la Science kwamba mvua ya kaskazini-mashariki mwa Marekani ilikuwa na asidi nyingi kupita kiasi. Suala hilo likawa la kisiasa. Mwaka 1980 Bunge la Marekani lilitunga sheria iliyoanzisha mpango wa kitaifa wa miaka kumi wa kuchunguza mvua ya asidi, mpango uliokuja kutumia zaidi ya dola milioni 500. Lengo lilikuwa bayana: kujua kama moshi wa salfa unaotoka katika mitambo ya umeme inayotumia makaa ya mawe unaua maziwa na misitu ya mashariki. Milima ya magharibi iliingia katika mpango huo kwa mlango wa pembeni.

Mwaka huohuo wa 1980, William Lewis na Michael Grant walichapisha katika Science matokeo ya vipimo vya mvua kutoka Como Creek, mlimani Colorado. Walionyesha kwamba mvua ya huko nayo ilikuwa ikizidi kuwa na asidi, na kwamba asidi iliyohusika zaidi ilikuwa ya naitriki, si ya salfa. Kwa msomaji wa leo, matokeo hayo yanaonekana kama tangazo la tatizo zima. Wakati ule yalisomwa kwa namna nyingine: asidi imefika magharibi, basi na magharibi kupimwe. Neno "asidi" ndilo lililofungua mkoba; neno "naitriki" lilibaki kuwa maelezo ya kemia.

Hivyo ndivyo Shirika la Hifadhi za Taifa lilivyopata uwezo wa kuanzisha utafiti katika bonde la Loch Vale mwanzoni mwa miaka ya 1980, chini ya uongozi wa mwanaikolojia Jill Baron. Bonde hilo lina ukubwa wa hekta 660 hivi na linapanda hadi kwenye mgongo wa milima unaogawa maji yaendayo Pasifiki na yale yaendayo Atlantiki. Lilichaguliwa kwa sababu lilifaa swali lililolipiwa: lina mwamba mgumu, lina maziwa kadhaa yanayofuatana kwenye mkondo mmoja, na liko ndani ya hifadhi ambamo hapajengwi kitu. Mwaka 1983 kituo cha kupimia mvua na theluji kilianza kazi humo, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,100, kikiwa sehemu ya mtandao wa kitaifa wa vituo vya namna hiyo.

Gharama ya kituo kama hicho si ya aina ambayo wafadhili huifurahia. Hakuna mtambo mkubwa wa kuzindua. Kanuni za mtandao zinataka sampuli ikusanywe kila Jumanne, kiangazi na kipupwe. Kwa hiyo kila wiki mtu hupanda mlima kwa miguu, au kwa ubao wa theluji kipupwe kinapofika, mwendo wa kilomita kama 5 kwenda tu, na kurudi na ndoo ya maji ya mvua au theluji pamoja na chupa za maji ya ziwa. Fedha huliwa na mishahara ya vijana wa kupanda mlima, betri, kemikali za maabara, na kukarabati vyombo vilivyovunjwa na upepo. Juma moja likikosekana, hakuna atakayejua hasara yake mwaka huo. Thamani ya vipimo hivyo huanza kuonekana baada ya miaka kumi au zaidi, ilhali ruzuku nyingi za utafiti hudumu miaka miwili hadi mitano.

Majibu ya swali la awali yalikuja mapema, nayo yalikuwa hatari kwa utafiti wenyewe. Mwaka 1985 Shirika la Hifadhi ya Mazingira na Idara ya Misitu walipima zaidi ya maziwa 700 ya milima ya magharibi. Helikopta zilitumika pale zilipoweza. Katika maeneo ya nyika yaliyolindwa kisheria, watumishi walikwenda kwa miguu na kwa farasi. Ilionekana kwamba maziwa ya magharibi ni dhaifu sana mbele ya asidi, lakini takriban yote yalikuwa hayajageuka asidi. Vipimo vya Loch Vale vilisema hivyohivyo. Kwa mtu aliyelipia utafiti ili ajue kama maziwa yanakufa kwa asidi, kazi ilikuwa imekwisha. Jibu la "hapana" ni jibu halali la kisayansi. Katika kikao cha bajeti hueleweka kama ruhusa ya kufunga faili.

Faili lilikaribia kufungwa mwaka 1990. Tarehe 15 Novemba mwaka huo Rais George H. W. Bush alitia saini marekebisho ya Sheria ya Hewa Safi, yaliyolenga kupunguza utoaji wa dioksidi ya salfa kwa tani milioni 10 kwa mwaka kulinganisha na 1980. Kwa oksidi za naitrojeni, lengo lilikuwa tani milioni 2 tu. Amonia inayotoka kwenye mifugo na mbolea haikuwekewa lengo lolote katika mpango huo. Mpango wa miaka kumi ukafikia ukomo wake, na ripoti yake kuu ikamalizika wakati Bunge lilikuwa limekwisha kuamua. Wanahistoria wa sera wameukosoa sana mpango huo kwa kuchelewa kutumika. Ukosoaji huo una haki kwa upande wa mashariki, lakini unapita juu ya urithi mmoja mdogo: mabonde machache yaliyobaki na vyombo, watu, na takwimu za miaka saba au minane.

Loch Vale ilinusurika kwa kuhamia mfuko mwingine. Mwaka 1991 Shirika la Jiolojia la Marekani lilianzisha programu ya kuchunguza mizunguko ya maji, nishati na kemia katika mabonde madogo matano. Mengine manne yalikuwa Vermont, Georgia, Wisconsin na Puerto Rico, na la tano likawa hili. Swali lililolipiwa halikuwa tena asidi, bali mabadiliko ya tabianchi na mzunguko wa kaboni na maji. Chupa zilikuwa zilezile na Jumanne ileile. Kichwa cha andiko la kuombea fedha ndicho kilichobadilika. Hakuna udanganyifu hapa. Takwimu za muda mrefu zina sifa hii, kwamba hujibu maswali ambayo hayakuwepo zilipoanza kukusanywa, na hodari wa kazi hii ni yule anayeweza kuueleza ukweli huo kwa lugha ya kila mfadhili.

Misukosuko haikuishia hapo. Mwaka 1993 watafiti wa Shirika la Hifadhi za Taifa waliondolewa katika shirika lao na kuunganishwa katika chombo kipya cha utafiti wa baiolojia chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Chombo hicho kilipata maadui katika Bunge lililochaguliwa mwaka 1994, kikabadilishwa jina, na mwaka 1996 kikamezwa na Shirika la Jiolojia. Katika muda wa miaka mitatu watafiti hao walikuwa wamefanya kazi chini ya waajiri watatu bila kuhama meza zao.

Katika miaka hiyo ndipo picha ya naitrojeni ilipoanza kukamilika. Maziwa ya upande wa mashariki wa mgongo wa milima yalionekana kuwa na nitrati nyingi kuliko ya upande wa magharibi. Mashariki ndiko iliko nchi tambarare ya Denver, Fort Collins na Greeley, yenye magari, mitambo ya umeme, mashamba yenye mbolea na mazizi makubwa ya ng'ombe. Upepo unapogeuka na kupanda mlima hubeba hewa hiyo. Kisha mwaka 2001 Alexander Wolfe, Baron na mwenzao walichapisha uchunguzi wa tope lililochimbwa chini ya maziwa ya mashariki. Katika tope hilo huhifadhiwa maganda ya daiatomu, mwani wa chembe moja wenye ukuta wa silika, tabaka juu ya tabaka. Kuanzia tabaka za katikati ya karne ya 20, aina mbili zinazopenda maji yenye rutuba, Asterionella formosa na Fragilaria crotonensis, zilikuwa zimeongezeka ghafla.

Uchunguzi huo uliibua swali la kisera: ni kiasi gani cha naitrojeni kilichosababisha mabadiliko? Wazo la kuweka kikomo, yaani kiwango ambacho kikizidi mfumo wa ikolojia huanza kudhurika, lilikuwa limekomaa Ulaya katika miaka ya 1980, ambako vipimo vya maziwa vilifungwa na mikataba ya kimataifa ya hewa. Marekani utafiti haukuwa na sababu ya kudumu ya namna hiyo. Zaidi ya hayo, hakuna aliyekuwa amepima mvua ya Loch Vale katika miaka ya 1950. Ilimbidi Baron akokotoe kurudi nyuma, kwa kutumia takwimu za mvua zilizokusanywa tangu 1983 na kumbukumbu za utoaji wa naitrojeni. Mwaka 2006 alichapisha jibu: mabadiliko yalianza kati ya 1950 na 1964, mvua na theluji zilipokuwa zikileta takriban kilo 1.5 za naitrojeni kwa hekta kwa mwaka. Bila mfululizo wa vipimo vya kila Jumanne, hesabu hiyo isingekuwa na mahali pa kuanzia.

Namba hiyo ndogo ilifanya kazi kubwa. Mwaka 2007 jimbo la Colorado, Shirika la Hifadhi za Taifa na Shirika la Hifadhi ya Mazingira walikubaliana mpango wa kushusha naitrojeni katika hifadhi kutoka kilo 3.1 hadi kilo 1.5 kwa hekta kwa mwaka ifikapo 2032, kwa hatua za miaka mitano mitano. Sasa fedha zilitolewa pia kwa ajili ya naitrojeni: kampeni ya vipimo vya hewa ya mwaka 2006, iliyowaunganisha Shirika la Hifadhi na Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, ilitaka kujua inatoka wapi. Sehemu ya amonia ilikuwa kubwa, jambo lililowaleta wafugaji mezani. Utekelezaji kwa upande wao uliachwa kuwa wa hiari. Hatua ya kwanza, kilo 2.7 ifikapo 2012, haikufikiwa.

Wakati huohuo takwimu zilitoa onyo jingine. Tangu mwaka 2000 hivi nitrati katika vijito vya Loch Vale ilikuwa imepanda ingawa mvua haikuleta naitrojeni zaidi ya awali. Mwaka 2009 Baron na wenzake walieleza kwamba joto lilikuwa likiyeyusha barafu ya juu bondeni na kufungua njia mpya za nitrati. Mfululizo uliokatwa mwaka 1990 usingeonyesha hilo, na mfululizo ulioanza mwaka 2005 ungelisoma vibaya.

Mwaka 2012 Shirika la Hifadhi ya Mazingira lilikataa kuweka kiwango kipya cha kitaifa cha kulinda maziwa na vijito dhidi ya oksidi za naitrojeni na salfa. Lilikiri kwamba viwango vilivyokuwepo havitoshi kuvilinda, lakini likasema kwamba takwimu za maeneo mengi ya nchi hazitoshi kujengea kiwango kipya, na likapanga majaribio ya kuzikusanya katika maeneo machache. Wakati huo kituo cha Loch Vale kilikuwa na miaka 29 ya Jumanne. Mengi ya yale maziwa 700 na zaidi ya mwaka 1985 yalikuwa na kipimo kimoja tu, cha mwaka ule walipopita watu wa helikopta na farasi.