Saratani ya Medula ya Figo: Jina, Maana na Namna ya Kuitambua

Miongoni mwa maradhi ambayo lugha yetu haijayapatia jina la kudumu, imo saratani moja adimu ya figo, ambayo wataalamu wa Marekani waliipambanua na saratani nyinginezo mwaka 1995, na ambayo, kwa sababu zitakazoelezwa, yatupasa sisi watu wa pwani na wa maziwa makuu kuijua hata kama wengi wetu hatutaiona maishani. Katika makala hii itaitwa saratani ya medula ya figo. Na nia yetu ni kueleza kwa nini limechaguliwa jina hilo, lina maana gani, na tabibu aulize nini kabla ya kulitamka mbele ya mgonjwa.

Katika maneno matatu yaliyomo, mawili hayana mushkili. Saratani tumelipokea kwa Waarabu, ambao kwao ni jina la kaa na la burji ya nne ya nyota. Nalo limekwisha kuzoeleka hata wenye kusema kansa hulielewa papo hapo. Figo ni neno letu wenyewe. Taabu iko kwenye medula. Anayeipasua figo ya ng'ombe kwa urefu huona tabaka mbili zinazotofautiana rangi: la nje, ambalo vitabu vya shule huliita gamba, na la ndani, lililogawanyika katika vipande vyenye umbo la piramidi, ambavyo ncha zake zinaelekea mahali mkojo unapokusanyika kabla ya kuteremka kibofuni. Hilo tabaka la ndani ndilo medula. Wapo wapendao kuliita kiini, nao wana hoja. Walakini mwanafunzi wa biolojia amekwisha kufundishwa kwamba kiini ni kile kilichomo ndani ya kila seli, na akisikia saratani ya kiini atadhani jambo lingine kabisa. Wapo pia wanaotaka uboho, kwa kuwa hiyo ndiyo maana ya asili ya neno la Kilatini. Lakini uboho kwetu uko mifupani, na saratani ya uboho ni maradhi ya damu. Kwa hiyo afadhali neno la kigeni lililovikwa irabu zetu, lisilogongana na lolote, kuliko neno la kienyeji litakalompeleka msikilizaji kwenye kiungo kisichohusika.

Ama sababu ya kulitaja tabaka hilo katika jina la maradhi ni kwamba kila jambo la saratani hii latokana na hali ya mahali pale. Damu iingiayo figoni hupita kwanza katika tabaka la nje, na kule ndani hufika kidogo, kama maji ya mfereji yanavyofikia mashamba ya mwisho baada ya wenye mashamba ya juu kunywesha. Hewa ya oksijeni ni haba, chumvi ni nyingi, na asidi imezidi. Basi katika mazingira kama hayo, chembe nyekundu za damu zilizorithi kasoro ya selimundu, yaani zile zinazojikunja mithili ya mundu zikikosa oksijeni, hupoteza umbo lake na kuziba vimishipa vyembamba. Na hili halimpati mgonjwa wa selimundu peke yake, bali hata mbeba kinasaba, yaani mtu aliyerithi kasoro hiyo kwa mzazi mmoja tu, ambaye hana maumivu ya mifupa wala upungufu wa damu, na ambaye aghalabu hajijui. Wataalamu hudhani kwamba ukosefu huo wa oksijeni unaojirudia miaka na miaka ndio unaovunja kipande cha kromosomu ya 22 na kuiharibu jeni iitwayo SMARCB1, ambayo kazi yake ni kuzuia uvimbe usizuke.

Davis, Mostofi na Sesterhenn, waandishi wa makala ya mwaka 1995 iliyoipambanua saratani hii, walikuwa wamekusanya wagonjwa 34 katika muda wa miaka 22. Takriban wote walikuwa watu weusi wenye umri wa miaka 11 hadi 39, na karibu wote walikuwa wabeba kinasaba cha selimundu. Wengi walikuja na damu katika mkojo, au maumivu ya ubavuni, ilhali maradhi yamekwisha kusambaa nje ya figo, na baada ya kupasuliwa waliishi kwa wastani wiki 15 tu. Waandishi hao waliyahesabu maradhi haya kuwa dhara la saba la selimundu katika figo, baada ya mengine sita yaliyokuwa yakijulikana. Tangu hapo imethibitika pia kwamba figo ya kulia ndiyo ishikwayo zaidi kuliko ya kushoto.

Sasa tuitazame ramani yetu. Mwaka 1954 tabibu Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alichapisha ushahidi kwamba kinasaba cha selimundu kimeenea Afrika Mashariki mahali palipo na malaria kali, pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni haba kwenye nyanda za juu zenye baridi, kwa sababu mbeba kinasaba hukingwa kwa kiasi na kifo cha malaria. Hata leo, katika baadhi ya sehemu za Tanzania, karibu mtu mmoja katika kila watano hubeba kinasaba hicho. Lakini sehemu hizo hizo za mwambao, na za kusini mwa ziwa, ndizo zenye kichocho cha mkojo. Na kichocho nacho huanza kwa damu katika mkojo, nacho hupenda watoto na vijana waogao na kuchezea maji ya mabwawa. Hapo ndipo ulipo mtego wote wa maradhi haya: dalili moja, umri mmoja, mahali pamoja, na jina moja lililo tayari mdomoni mwa kila mtu. Kijana akikojoa damu huambiwa ana kichocho, akapewa vidonge vya prazikuanteli, na aghalabu aliyemwambia amesema kweli. Bali kwa yule mmoja ambaye sivyo, jina hilo humwibia wiki ambazo hana za kupoteza.

Njia ya kumtambua mmoja huyo haianzii kwenye mitambo ya ghali. Mkojo hupimwa kwa hadubini kutafuta mayai ya kichocho, yenye mwiba mdogo kwenye ncha. Mayai yakionekana, dawa hutolewa, na damu hutarajiwa kukoma baada ya wiki chache. Yasipoonekana, au damu isipokoma, tone la damu ya kidole huwekwa juu ya kioo pamoja na dawa inayoondoa oksijeni, likafunikwa, na baada ya muda mpimaji akatazama: chembe zilizokuwa za duara huanza kuchongoka na kupinda mbele ya macho yake. Kipimo hicho hakimtofautishi mbeba kinasaba na mgonjwa wa selimundu, kwa hiyo huhitaji kukamilishwa kwa kuichambua hemoglobini. Lakini kimekwisha kumwambia tabibu kwamba figo zatakiwa kutazamwa kwa ultrasaundi, na penye shaka kwa siti skani.

Uvimbe ukionekana, jina halitolewi kwa picha peke yake, kwani uvimbe huu umewahi kudhaniwa kuwa usaha, kifua kikuu cha figo, au saratani nyingine ya mifereji inayokusanya mkojo. Huchukuliwa kinyama kidogo, kikakatwa vipande vyembamba mno na kupakwa rangi inayoifuata protini ya INI1, ile inayotengenezwa kwa amri ya jeni ya SMARCB1. Chini ya hadubini, viini vya seli nzima, kama za kuta za mishipa ya damu, hugeuka kahawia. Vya saratani hii hubaki na buluu hafifu, kwa maana protini yenyewe haimo. Ushahidi huo una nguvu kiasi kwamba katika uainishaji wa mwaka 2022 wa Shirika la Afya Duniani, saratani hii imeandikwa pamoja na upungufu wa SMARCB1 katika jina lake. Istilahi yetu kamili basi ingekuwa saratani ya medula ya figo yenye upungufu wa SMARCB1. Lakini jina hilo ni la maabara na la vitabu, na katika chumba cha daktari lile fupi latosha.

Wala usahihi wa jina si pambo la wanazuoni. Dawa nyingi zinazotumika kwa saratani za kawaida za figo hazifui dafu mbele ya hii, ilhali tibakemikali zenye platinamu humsaidia mgonjwa kwa muda. Kwa hiyo aliyeandikiwa saratani ya figo bila kubainishwa ni ipi, huenda akatibiwa maradhi yasiyo yake.

Ni wajibu kusema pia, ili tusiwatie watu hofu bure, kwamba duniani wako mamia ya mamilioni ya wabeba kinasaba, na ni wachache mno watakaopata saratani hii; hata mbeba kinasaba anayekojoa damu, mara nyingi sababu yake ni jeraha dogo la figo lisilo la saratani. Lakini uchache wa maradhi si hoja ya kutoyauliza. Kijana yeyote ambaye damu katika mkojo wake haikukoma baada ya kutibiwa kichocho, au ambaye mayai ya kichocho hayakuonekana kabisa, apimwe selimundu na figo zake zitazamwe; na mzazi wake asione haya kumkumbusha tabibu.