Samaki Mgeni wa Mlima Kenya

Wanafunzi wengi hudhani kwamba historia ni habari za wafalme, vita na mikataba tu. Lakini hata samaki ana historia yake, na kwa historia hiyo twaweza kuwafahamu wanadamu waliomchukua.

Tazama, msomaji, mito ya Rupingazi, Thuci na Nithi. Hushuka kutoka Mlima Kenya, hupita katika nchi za Embu na Meru, na mwisho maji yake huingia mto Tana. Huko juu, penye maji ya baridi, na katika Ziwa Ellis lililo zaidi ya mita 3,000 juu ya bahari, huishi trauti. Ni samaki mwoga. Hujificha chini ya majabali na katika vipango vya kingo, na kivuli cha mtu kikianguka majini hutoweka mara moja. Waweza kumdhania mwenyeji, lakini sivyo. Trauti wa kahawia asili yake ni Ulaya, na yule mwenye rangi za upinde wa mvua ametoka pande za kaskazini ya Bahari ya Pasifiki.

Je, alifikaje? Trauti hawezi kuishi katika maji ya joto, kwa sababu maji ya joto hayana hewa ya kumtosha. Basi kumvusha bahari za joto akiwa hai kulikuwa shida kubwa. Dawa yake ilionekana mwaka 1864, mayai ya trauti yalipopelekwa Tasmania kutoka Uingereza, yakiwa yamefungwa katika kuvu la majani mabichi na barafu. Baridi huyachelewesha mayai kuanguliwa, nayo hufika yangali hai. Kwa njia kama hiyo, mwaka 1905, mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai kutoka Scotland, na samaki wakatiwa katika mto Gura, katika milima ya Nyandarua. Baadaye mito ya Mlima Kenya nayo ikapata wageni hao.

Sasa tujiulize: waliletwa kwa faida ya nani? Watu wa Meru na Embu hapo kale hawakuwa na desturi ya kula samaki. Chakula chao kilikuwa mtama, wimbi, viazi vikuu, maziwa na nyama. Walowezi ndio waliotaka mchezo wa kwao, kuvua kwa fimbo na ndoano. Mto ulionywesha ng'ombe na mashamba ukawa pia uwanja wa mchezo wa watu wachache. Wenyeji hawakuwa na sauti katika jambo hilo, kwani Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944 tu.

Hata hivyo mambo hugeuka. Mwaka 1948 serikali ilianzisha shamba la samaki huko Sagana, si mbali na Embu, ili kufuga samaki wa maji ya joto kama perege. Mwaka 2009 serikali ya Kenya huru ilianza mpango wa kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo la uchaguzi kati ya majimbo 140, na wakulima wa Meru na Embu wakawa miongoni mwa wafugaji. Wajukuu wa watu wasiokula samaki wakaanza kuwalisha, kuwavua na kuwauza.

Tofauti ya habari hizi mbili ni hii: samaki wa kwanza aliletwa bila shauri la mwenye mto, wa pili alifugwa na mwenye shamba, kwa chakula na fedha zake mwenyewe. Kwa hiyo, kila usomapo kwamba kitu kipya kililetwa nchini, usiridhike kujua mwaka na jina la aliyekileta. Uliza pia ni nani aliyeshauriwa, na ni nani aliyefaidika.