Mzazi wa Toleo: Nyaraka za Undani wa Git na Historia Iliyoandikwa ya Karagwe

Mwaka 1947 J. Ford na R. de Z. Hall walichapisha katika jarida la Tanganyika Notes and Records makala kuhusu historia ya Karagwe. Katika anwani yake waliiweka Karagwe ndani ya Wilaya ya Bukoba. Msomaji wa leo aliyeko Murongo, kando ya mto Kagera, akiisoma anwani hiyo hujikuta yuko mbali nayo mara tatu. Karagwe ilikwisha kuwa wilaya inayojitegemea; Mkoa wa Ziwa Magharibi ulibadilishwa jina na kuitwa Kagera mwaka 1979; na mwaka 2012 Kyerwa, pamoja na Murongo yenyewe, ilimegwa kutoka Karagwe. Mhariri anayetaka kuihuisha makala hiyo kwa ajili ya msomaji huyo afute nini, na abakize nini?

Makala hii inadai kwamba swali hilo ndilo linalowakabili wanaohuisha nyaraka za undani wa programu ya Git, na kwamba rekodi za Karagwe zinatusaidia kulifikiria kwa Kiswahili. Mwanafunzi wa tafsiri anayeingia katika kazi ya nyaraka za namna hiyo hupewa orodha ya istilahi, na mara chache hupewa historia ya istilahi hizo. Matokeo yake ni tafsiri inayosomeka vizuri ilhali haionyeshi imetokana na toleo lipi la matini chanzi.

Git ni programu ya kutunza matoleo ya mafaili. Linus Torvalds aliianzisha Aprili 2005, baada ya wasanidi wa kiini cha mfumo endeshi wa Linux kupoteza idhini ya kuitumia BitKeeper bila malipo. Ndani yake mna vitu vya aina chache. Blobu hubeba yaliyomo katika faili. Mti huorodhesha majina ya mafaili na kuyaelekeza kwenye blobu zake. Komiti huelekeza kwenye mti mmoja, humtaja mzazi wake, yaani komiti iliyotangulia, kisha hutaja mtunzi, aliyeiweka, tarehe na maelezo mafupi. Jina la kila kitu hukokotolewa kutokana na yaliyomo: ukibadili herufi moja, jina nalo hubadilika. Kwa kuwa komiti hubeba jina la mzazi wake, anayebadili komiti ya zamani atalazimika kuvipa majina mapya vizazi vyote vilivyofuata. Hakuna anayeweza kuingia usiku na kurekebisha babu bila wajukuu kujulikana.

Waraka wa kwanza wa Git, ulioambatana na msimbo wa tarehe 7 Aprili 2005, unastahili kusomwa na mwanaisimu. Kitu ambacho leo huitwa komiti, waraka huo ulikiita kwa neno la Kiingereza lenye maana ya "fungu la mabadiliko", ingawa programu iliyokitengeneza ilikuwa tayari na jina la komiti. Neno hilo lilipotosha. Komiti haibebi mabadiliko. Huelekeza kwenye hali nzima ya mafaili ilivyokuwa wakati ule, na mabadiliko hupatikana kwa kulinganisha hali mbili. Istilahi hiyo ikaachwa. Waraka huo huo ulieleza kwamba jina la kitu ni hashi ya kitu kilichokwisha kubanwa. Tarehe 20 Aprili mwaka huo huo utaratibu ukageuzwa, hashi ikakokotolewa kabla ya kubana. Kwa hiyo sentensi ile ilikuwa kweli kwa siku kumi na tatu. Anayeiita kosa anakosea yeye: ni taarifa sahihi kuhusu Git ya wiki zile mbili, na mtu akikutana na vitu vya siku hizo ndiyo itakayomwongoza.

Faharasa ya Git nayo ina historia yake. Hapo mwanzo iliitwa kache. Kamusi rasmi ya istilahi za Git haikulifuta neno hilo. Imelibakiza kama kidahizo, ikasema limepitwa na wakati, kisha ikamwelekeza msomaji kwenye neno la sasa. Na neno la zamani bado linaishi ndani ya amri ambazo watumiaji huziandika kila siku, kama jina la kijiji linalobaki baada ya walioliasisi kuhama. Kamusi zetu za Kiswahili zimezoea kutia alama neno la kale au la kishairi. Katika orodha za istilahi za kiufundi hatujazoea kufanya hivyo, na huo ni upungufu.

Tukirudi Karagwe, rekodi ya maandishi iliyo maarufu zaidi ni ya John Hanning Speke, aliyefika Bweranyange kwa mfalme Rumanyika Novemba 1861 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1863. Speke anasimulia kwamba mfalme aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri. Taarifa hiyo ndogo ina uzito kwa wasomaji wa jarida hili: lugha ya misafara ilikwisha kuingia ikuluni kabla ya mwandishi huyo wa Kiingereza kuwasili. Ina uzito vilevile kwa swali letu, maana inaonyesha njia iliyopitiwa na masimulizi. Yalitoka kwenye mapokeo ya Runyambo, yakapita katika Kiswahili, na Sidi Mubarak Bombay akiwa mkalimani wa msafara, yakatua katika Kiingereza. Kitabu kina jina moja juu ya jalada.

Git hutenganisha mtunzi wa badiliko na mtu aliyeliweka katika hifadhi. Wanaweza kuwa mtu mmoja, lakini nafasi zao ni mbili na kila moja ina tarehe yake. Nyaraka za Karagwe zingekuwa na manufaa zaidi kama zingebeba nafasi hizo mbili. Speke hakuwa mwekaji tu. Mwenyewe anaeleza kwamba alimfafanulia Rumanyika nadharia yake kuwa ukoo wa kifalme wa Wahinda ulitoka Uhabeshi, na akaunganisha nasaba hiyo na Mfalme Daudi. Msikilizaji alikuwa amekwisha kuingiza mkono katika simulizi alilokuja kulisikiliza. Mtafiti wa baadaye anayekuta dai la asili ya Uhabeshi katika matini ya karne ya 20 hana budi kuuliza mzazi wa dai hilo ni nani: mapokeo ya Bweranyange, au kitabu cha 1863 kilichosomwa na kurudishwa nyumbani? Bila jina la mzazi, mawili hayo yanafanana kabisa.

Kitabu hicho hicho kinahifadhi maelezo mawili ya jinsi Rumanyika alivyoshinda mvutano wa urithi baada ya kufa kwa baba yake, Ndagara. Katika maelezo ya kwanza, ngoma ndogo iliyotiwa dawa iliwekwa mbele ya wana wa mfalme, na ni Rumanyika pekee aliyeweza kuinyanyua. Katika ya pili, mfanyabiashara Musa alitoa pembe za ndovu ili Kabaka Suna wa Buganda atume nguvu dhidi ya ndugu yake, Rogero. Katika Runyambo, kama katika lugha jirani, engoma ni ngoma na pia ni utawala, kwa hiyo simulizi la kwanza si hekaya ya pembeni. Linasema kwa lugha ya nchi kwamba utawala ulimkubali. Mwandishi wa kitabu cha shule huona haja ya kuchagua. Mimi naona haya ni matawi mawili. Git ikiunganisha matawi huunda komiti yenye wazazi wawili, wote wakiwa wametajwa. Muunganisho unaomtaja mzazi mmoja huku ukibeba yaliyotoka kwa wote wawili ni udanganyifu, hata kama kila sentensi yake ni ya kweli.

Jambo la majina linarejea kwa ukali zaidi katika mabadiliko ya hashi. Git ilianza na SHA-1, inayotoa majina ya tarakimu 40. Februari 2017 watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam pamoja na Google walitangaza mafaili mawili tofauti yenye hashi moja ya SHA-1. Wasanidi wa Git wakaandika waraka wa mpango wa kuhama, wakaichagua SHA-256, yenye tarakimu 64, na Oktoba 2020 toleo la 2.29 likairuhusu kwa majaribio. Lakini kwa miaka mingi nyaraka zilikuwa zimetumia "SHA-1" kwa maana mbili: hesabu yenyewe, na jina la kitu chochote ndani ya Git. Kamusi ya istilahi inakiri matumizi hayo ya pili. Ndiyo maana kazi ya kuhuisha haiwezi kuachiwa amri ya kutafuta na kubadilisha. Pale neno linapomaanisha jina la kitu, liandikwe "jina la kitu". Pale linapomaanisha hesabu ile ya awali, libaki.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa Ziwa Magharibi na Kagera, au Karagwe na Kyerwa. Mwongozo unaomwelekeza mgeni Murongo leo lazima uandike Kyerwa. Sentensi ya mwaka 1975 inayoutaja Mkoa wa Ziwa Magharibi isiguswe. Mwaka huo ndipo Israel Katoke alipochapisha The Karagwe Kingdom, na "Karagwe" ya anwani hiyo ni ufalme. Haiwezi kugawanywa kwa mpaka wa 2012.

Kwa upande wa istilahi, Kiswahili kina bahati kwamba "mzazi", "tawi" na "mti" vinakubali dhana hizi bila kulazimishwa. Kwa nafasi mbili za komiti napendekeza "mtunzi" na "mwekaji". "Komiti" lenyewe lina kasoro ya kukaribiana mno na "kamati", hata hivyo nalipendelea kuliko "ahadi" au "kabidhi", ambazo zinatokana na maana nyingine za kitenzi cha Kiingereza. Ninalosisitiza zaidi ni kwamba kila tafsiri ya waraka itaje jina la komiti ya matini chanzi iliyotafsiriwa. Nyaraka rasmi za Git hukaa katika hifadhi moja na msimbo wake, kwa hiyo jina hilo lipo na linapatikana.

Linabaki suala la mwanzo. Komiti ya kwanza haina mzazi. Historia ya Linux ndani ya Git inaanzia Aprili 2005, kwa toleo la 2.6.12-rc2, ingawa Linux yenyewe ni ya mwaka 1991. Historia iliyotangulia haikuingizwa. Baadaye Git iliweka njia ya kupandikiza mzazi kwa komiti ya namna hiyo, kisha njia hiyo ikaachwa na nyingine ikachukua nafasi yake, na kamusi ya istilahi inalitunza neno la kwanza pamoja na onyo. Orodha za wafalme wa Karagwe huanza na Ruhinda. Lakini mapokeo yale yale yanayomweka Ruhinda kileleni yanasema aliikuta nchi ikiwa mikononi mwa Nono, wa ukoo wa Basiita. Mwandishi wa orodha anapoweka namba moja mbele ya jina la Ruhinda, hapo ndipo safu ya mzazi inapoachwa tupu, na hapo ndipo pa kumwandika Nono.