Projesteroni: Siku ya 21 si ya kila mwanamke

Kipimo cha damu cha homoni ya projesteroni huonyesha iwapo yai limetoka kwenye ovari. Kwa desturi damu hutolewa siku ya 21 tangu hedhi ianze, lakini siku hiyo humfaa mwenye mzunguko wa siku 28. Kwa mzunguko wa siku 35, ifaayo ni ya 28, yaani wiki moja kabla ya hedhi ijayo.

Kiwango kinachozidi nanogramu 3 kwa mililita (takriban nanomoli 10 kwa lita) ni ishara kwamba yai lilitoka. Kikiwa chini, mwanamke aliyesafiri kutoka Mbita hadi Kisumu kupimwa asiitwe tasa. Kwanza ithibitishwe hedhi iliyofuata ilianza lini, kwani huenda damu ilitolewa mapema na kipimo chafaa kurudiwa. Mumewe naye apimwe mbegu.