Mzanaki na Mabepari wa Venisi

Sisi wa Nyakato tunapomtaja Mwalimu Nyerere, huwa tunamtaja kama mwanasiasa. Ni mara chache tunakumbuka kwamba mtoto huyu wa Butiama, aliyezaliwa mwaka 1922 katika Kizanaki na kuanza shule Mwisenge mwaka 1934, alikuwa pia mtu wa tamthilia.

Shakespeare, mwigizaji na mwandishi wa Uingereza aliyefariki mwaka 1616, alitunga michezo kadhaa iliyowekwa Italia. Mwalimu alitafsiri miwili: Julius Caesar mwaka 1963, akiwa Rais, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969.

Jina hilo la pili linataka kutafakariwa. Shakespeare alisema mfanyabiashara, tena mmoja; Mwalimu akasema mabepari. Azimio la Arusha lilikuwa na umri wa miaka miwili tu. Bila shaka hapo siasa iliingia katika tafsiri.

Hata hivyo, tusiishie kwenye jina. Wapo waliodhani Kiswahili hakiwezi kubeba mawazo mazito ya wageni. Mwalimu hakubishana nao. Aliwawekea kitabu mezani, kwa mistari isiyo na vina. Amelala Butiama tangu mwaka 1999. Lugha aliyoiamini tunayo sisi. Je, tunaitwika mizigo gani?