Karatasi za Bwana Le Blanc

Mwaka 1794, moto wa Mapinduzi ukiwa haujazimika, serikali ya Ufaransa ilifungua mjini Paris chuo cha wahandisi, kilichokuja kuitwa École Polytechnique. Nchi ilihitaji wajenzi wa madaraja, barabara na ngome. Kijana aliingia kwa kufaulu mtihani, si kwa ukoo wake, na hilo lilikuwa jambo jipya la kujivunia. Ila mtihani wenyewe ulikuwa wa wanaume tu.

Katika mji huohuo, mtaa wa Saint-Denis, aliishi binti wa mfanyabiashara wa hariri, Sophie Germain, mwenye miaka 18. Alianza kujisomea hisabati katika maktaba ya baba yake akiwa na miaka 13, wakati ghasia za 1789 zilipowafungia watu majumbani. Wazazi hawakupendezwa. Rafiki yake Libri alisimulia baadaye kwamba usiku walimnyang'anya mshumaa na nguo za joto, wakaacha na moto uzimike, ili alale. Asubuhi wakamkuta kasinzia mezani, kajizungushia mablanketi, wino umeganda kwenye kidau, na mbele yake hesabu tele.

Mihadhara ya chuo ilikuwa ikitolewa kwa maandishi, nao wanafunzi waliruhusiwa kuwaandikia walimu maoni yao. Sophie akaipata, akaisoma, akaandika kazi yake, na chini akatia jina la mwanafunzi wa kiume: Le Blanc. Mwalimu alikuwa Lagrange, mmoja wa wanahisabati wakubwa wa Ulaya. Alistaajabu, akataka kumwona kijana huyo. Alipojua ukweli alimsifu na kumtia moyo, na kwa hilo anastahili heshima. Lakini mlango wa chuo ulibaki umefungwa.

Jina lile alilitumia tena mwaka 1804 alipomwandikia mwanahisabati Gauss, Ujerumani. Miaka mitatu baadaye alimfunulia siri na sababu yake: alihofia dhihaka ambayo mwanamke msomi hutupiwa. Gauss alimjibu kwa furaha kuu, akakiri kwamba mwanamke hukutana na vizuizi vingi kuliko mwanamume, hivyo anayevivuka ana ujasiri na kipaji kisicho cha kawaida.

Kisha likaja suala la mchanga. Chladni, mwanafizikia Mjerumani, alifika Paris mwaka 1808 na vibamba vyake. Alinyunyiza mchanga laini juu ya bamba, akapitisha upinde wa fidla ukingoni. Bamba likalia, mchanga ukarukaruka, halafu ukatulia katika mistari iliyopangika: nyota, duara, misalaba. Kwa nini? Napoleon alitaka jibu la kihesabu, na mwaka 1809 ikatangazwa tuzo.

Mwaka 1811 ililetwa kazi moja tu, nayo ilikuwa ya Sophie. Wazo lake lilikuwa na nguvu, hesabu zikawa na makosa. Makosa hayo hayakutokana na ubongo wa kike. Yalikuwa katika mbinu ambazo wenzake walifundishwa darasani, yeye akaziokota peke yake kwenye karatasi. Walimnyima darasa, kisha wakampima kwa kile ambacho darasa hutoa. Dhuluma hii naiona nzito kuliko ile ya mshumaa. Lagrange alisahihisha mlinganyo wake. Sophie akajaribu tena mwaka 1813, akajaribu mara ya tatu, na Januari 1816 akashinda. Hakwenda kuipokea tuzo. Kwa miaka kadhaa zaidi vikao vya Akademia ya Sayansi, iliyotoa tuzo hiyo, vilibaki marufuku kwa mwanamke asiye mke wa mwanachama, mpaka Fourier, katibu wa Akademia, alipomfungulia njia.

Alifariki mwaka 1831 kwa saratani ya matiti. Cheti cha kifo hakikumwita mwanahisabati. Kilimwandika kuwa mtu anayeishi kwa kipato cha mali yake. Mnara wa Eiffel ulipokamilika mwaka 1889 uliandikwa majina 72 ya wanasayansi na wahandisi. Lagrange yumo, Poisson yumo, na Navier na Cauchy pia, watu walioandika juu ya unyumbufu wa vitu kama alivyoandika Sophie katika kazi yake ya tuzo. Jina la Sophie Germain halikuwekwa.

École Polytechnique ilipokea wanawake kwa mara ya kwanza mwaka 1972, miaka 178 baada ya kufunguliwa. Walioingia walikuwa saba. Aliyeshika nafasi ya kwanza katika mtihani mwaka huo, mbele ya wanaume wote, alikuwa mmoja wao: Anne Chopinet.