Pindo la Ukutani: Nakshi za Kilwa katika Nyumba ya Biharusi



Kanga ina mji na ina pindo. Nyumba za mawe za Kilwa nazo zilitiwa pindo.

Pale Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, magofu yaliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, mafundi walitoa tumbawe baharini likiwa bichi na laini, wakalichonga kabla halijakauka na kuwa gumu. Nakshi iliwekwa pembezoni: kuzunguka milango, mihrabu na vidaka. Ilikuwa mistari ya mshazari iliyopangwa kama mifupa ya samaki, au mfano wa kamba iliyosokotwa. Ukuta wenyewe ulipakwa chokaa tu.

Nakshi za fahari zilikuwa Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lenye vyumba zaidi ya mia na birika la pembe nane. Lakini jumba lile halikumalizika, likaachwa. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, na alichomsifia Sultani huyo ni ukarimu. Watu walimwita Abul-Mawahib, Baba wa Vipawa. Siku ya Ijumaa, akitoka kusali, fakiri kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa, naye akampa.

Maharusi wetu, hapo tujifunze. Tunaona vyumba vikipambwa kwa mkopo, na ndoa changa ikaanza na deni. Pindo halihitaji hayo. Kata kigezo cha karatasi ngumu, chora mifupa ya samaki, uzungushe rangi moja kwenye mlango au kioo. Ukuta uliobaki uache mweupe. Shona pindo la kanga kwenye ukingo wa pazia. Agiza mkeka wa ukindu kwa mama zetu wasukaji wa Kilwa na Lindi. Milia ya ukili ni nakshi tosha, na pesa inabaki kwao.

Aya za Qur'ani tuzitundike juu, tusizishone kwenye mito wala busati la kukalia. Mistari na pembe hukaliwa bila kuvunja heshima.

Na tukienda kuzuru magofu, tupige picha, tusiokote hata kipande. Mawe yale ni amana, na wanetu nao wana haki ya kuyaona.

Allah azijaalie nyumba zenu utulivu na baraka. Amin.